Anlattı, anlatıyordu, anlatırdı: jinsi Kituruki kinavyosimulia mazoea ya zamani

Mwaka wangu wa kwanza Ankara, jirani wa mlango wa pili alikuwa mjane wa makamo aliyekuwa akinigongea kila Jumapili niende kunywa chai. Nilimwita teyze. Neno hilo maana yake ni dada wa mama, mkubwa au mdogo, na Waturuki hulitumia kwa mwanamke yeyote aliyewazidi umri, kama sisi tunavyomwita mtu mama mdogo bila kuulizana ukoo.

Jumapili moja akaniuliza habari za kwetu. Nikataka kumwambia kwamba bibi yangu mzaa mama alikuwa akitusimulia hadithi. Darasani tulikuwa tumeshafundishwa wakati uliopita, nikautumia: Anneannem bize masal anlattı. Teyze akaweka glasi yake chini, akanisogelea. "Hangi masalı?" Hadithi gani? Nikaona hakunipata. Nikajaribu tena kwa umbo jingine nililolijua: anlatıyordu. Safari hii akaniangalia kwa hamu zaidi. "Ee, sonra ne oldu?" Enhe, kisha ikawaje?

Hakuwa amekosea kusikia. Mara ya kwanza nilimwambia kwamba bibi alisimulia hadithi, mara moja, siku moja, basi akataka kujua ni ipi. Mara ya pili nilimwambia kwamba bibi alikuwa katikati ya kusimulia, akangoja tukio: mlango ukagongwa, umeme ukakatika, mtu akalia. Nilichokuwa nakitafuta ni neno la tatu, anlatırdı: alikuwa akisimulia, ndiyo desturi yake, usiku baada ya usiku.

Ninaandika haya kwa Waswahili wanaojifunza Kituruki, hasa wale wanaokwenda huko kwa ufadhili wa Türkiye Bursları na kuanza na mwaka mmoja wa lugha. Vitabu vingi tunavyopewa hueleza jambo hili kwa kupitia Kiingereza, nasi tuna njia fupi zaidi ndani ya lugha yetu wenyewe.

Kwanza tuone tatizo linatoka wapi. Chukua sentensi mbili: "Nilipoingia alikuwa akipika pilau" na "Kila Ijumaa alikuwa akipika pilau." Kiswahili kimetumia umbo lilelile, alikuwa akipika, na maneno ya pembeni ndiyo yanayotuambia kama ni pilau moja iliyo jikoni au ni pilau ya Ijumaa zote. Tena mara nyingi hata hatuhitaji alikuwa. "Zamani watu walikula pamoja" inatosha, na kila msikilizaji anajua ni desturi. Kituruki hakikubali uvivu huo. Ben girdiğimde pilav pişiriyordu: nilipoingia alikuwa akipika. Her cuma pilav pişirirdi: kila Ijumaa alikuwa akipika. Dün pilav pişirdi: jana alipika. Maumbo matatu, na kila moja linamfanya msikilizaji angojee jambo tofauti. Kwa hiyo, kila unapotaka kutafsiri "alikuwa aki-" kichwani mwako, jiulize kwanza: nilikuta kitu kinaendelea, au nazungumzia mazoea?

Sasa jina. Waturuki wenyewe katika sarufi yao huliita umbo hili la anlatırdı "geniş zamanın hikâyesi". Soma polepole. Zaman ni zamani, kwa maana ya wakati; hikâye ni hekaya; geniş ni pana. Hekaya ya wakati mpana. Wana na ndugu zake wawili: rivayet na şart, ambazo si nyingine ila riwaya na sharti. Maneno hayo yote, isipokuwa geniş, yametoka katika Kiarabu, yakaenda kaskazini kwa Waturuki na kusini kwetu pwani. Mwanafunzi Mswahili anayeona orodha ile ya hikâye, rivayet, şart na kuogopa anaogopa watu wa nyumbani.

Wakati mpana ni upi? Ni ule wa mambo ya siku zote: giderim, huenda, içer, hunywa, gelir, huja. Sisi tuna hu-, nayo inafanya karibu kazi hiyohiyo. Hu- haisemi leo wala jana, inasema ndivyo ilivyo. Waturuki huchukua huo wakati mpana na kuubandika kitenzi kidogo cha "kuwa" katika wakati uliopita, idi, ambacho siku hizi hakisimami peke yake ila hushikamana na kilichotangulia. Gider idi ikawa giderdi. Ukiipasua vipande: gid- ni enda, -er ni hu-, -di ni alikuwa. Alikuwa huenda. Kauli hiyo ipo katika Kiswahili, na wanaoitumia wanaitumia kwa maana hii hasa: "babu alikuwa huenda mjini kila Alhamisi." Ukishaiona giderdi kama "alikuwa huenda" iliyogeuzwa nyuma mbele, umeshamaliza nusu ya kazi.

Nusu ya pili ni mazoezi ya sikio, yaani kuzoea sauti. Irabu za Kituruki hufuatana ndani ya neno, na hili pia si geni kwetu: tunasema pikia lakini somea, imbia lakini chekea, kiambishi kikibadilika kwa kuisikiliza irabu ya mbele yake. Kwao kufuatana huko kumeenea neno zima. Baada ya a na ı utasikia -dı, baada ya e na i ni -di, baada ya o na u ni -du, baada ya ö na ü ni -dü. Kisha unaongeza nafsi: giderdim mimi, giderdin wewe, giderdi yeye, giderdik sisi, giderdiniz ninyi, giderlerdi wao.

Penye shida ya kweli ni ile r iliyo katikati. Mzizi ukiishia na irabu, unaongeza r tu: oku-, soma, inakuwa okurdu, bekle-, ngoja, inakuwa beklerdi. Mzizi wenye silabi zaidi ya moja na kuishia na konsonanti huchukua ır, ir, ur au ür: çalışırdı, alikuwa akifanya kazi, konuşurdu, alikuwa akizungumza. Mzizi wa silabi moja kwa kawaida huchukua ar au er: yapardı, alikuwa akifanya, içerdi, alikuwa akinywa, severdi, alikuwa akipenda. Isipokuwa kuna vitenzi 13 vya silabi moja vinavyokataa ar na er na kwenda na kundi la pili. Ni vya kukariri, kwa sababu vyote ni vya matumizi ya kila siku: almak (kuchukua, kununua), bilmek (kujua), bulmak (kupata), durmak (kusimama), gelmek (kuja), görmek (kuona), kalmak (kubaki), olmak (kuwa), ölmek (kufa), sanmak (kudhani), varmak (kufika), vermek (kutoa) na vurmak (kupiga). Mizizi yote hiyo inaishia na l, n au r, lakini usigeuze hilo kuwa kanuni, maana sormak (kuuliza) ni sorardı na gülmek (kucheka) ni gülerdi. Mimi nilivikariri kwa kuviimba vikiwa tayari na mwisho wake: alırdı, bilirdi, bulurdu, dururdu. Sikio likishakamata, mtu akisema "gelerdi" linakuuma.

Kuna mtego wa kusikia ambao sikuonywa. Kitenzi ambacho mzizi wake wenyewe unaishia na r hutofautisha tukio la mara moja na mazoea kwa silabi moja ndogo tu iliyomezwa katikati: getirdi ni alileta, getirirdi ni alikuwa akileta; götürdü ni alipeleka, götürürdü ni alikuwa akipeleka. Mturuki anayesema haraka huipitisha hiyo r ya pili kama upepo. Hapo sikiliza maneno ya pembeni. Eskiden (zamani), küçükken au çocukken (nilipokuwa mdogo), o zamanlar (siku zile), her yaz (kila kiangazi), hep (siku zote): ukisikia mojawapo, kuna uwezekano mkubwa kwamba kile kitenzi cha mwisho kina silabi uliyoikosa.

Ukanushi ni rahisi kuliko unavyodhaniwa. Wakati mpana wa sasa una ukorofi wake katika nafsi ya kwanza: gitmem, siendi, lakini gitmezsin, huendi, z ikitokea huku na kupotea kule. Katika hekaya yake ukorofi huo umeondoka, z iko kila mahali: gitmezdim, gitmezdin, gitmezdi, gitmezdik, gitmezdiniz, gitmezlerdi. Dedem et yemezdi: babu alikuwa hali nyama. Ilinganishe na dün et yemedi: jana hakula nyama. Kiswahili chetu hapa kinatofautisha vizuri kabisa, alikuwa hali na hakula, kwa hiyo anayekwama kwenye ukanushi wa Kituruki aanzie hapo. Kuuliza, kile kiulizi kinasimama kando na kubeba mwisho wa kitenzi: gider miydin, ulikuwa ukienda?

Jambo linalonipendeza kuliko yote katika umbo hili ni namna linavyofungana katika mfululizo. Teyze aliponieleza utoto wake kijijini alisema: Sabah erken kalkar, çay demler, ekmek alır, sonra okula giderdik. Asubuhi tulikuwa tukiamka mapema, tukitengeneza chai, tukinunua mkate, kisha tukienda shule. Tazama vitenzi vinne vya Kituruki. Vitatu vya kwanza, kalkar, demler, alır, havina nafsi wala wakati uliopita. Ukikata sentensi hapo utadhani anazungumzia mtu mmoja wa leo: huamka, hutengeneza chai, hununua mkate. Mwisho kabisa ndipo inakuja -dik, tulikuwa, na inarudi nyuma kuvifunika vyote vinne kwa mpigo.

Kiswahili kinafanya jambo hilohilo kutoka upande wa pili. Tunasema tulikuwa mara moja, mwanzoni, kisha -ki- zinajipanga nyuma yake: tukiamka, tukitengeneza, tukinunua, tukienda. Hakuna anayerudia "tulikuwa tukiamka, tulikuwa tukitengeneza, tulikuwa tukinunua" isipokuwa mtoto au mgeni wa lugha. Sisi tunafungua mlango kwanza na kuwapitisha watu. Mturuki anawapitisha wote na kufunga mlango nyuma yao. Kwa hiyo unaposikiliza Kituruki cha masimulizi, ujizuie kuhukumu mpaka sentensi imalizike. Na unapoandika, usipachike -dik kwenye kila kitenzi. Si kosa la sarufi, lakini linasomeka kama mtu anayesema "tulikuwa" mara nne.

Vitenzi vya kuwa na kuwapo vina taratibu zao. Var (kuna) na yok (hakuna) hazina wakati mpana, zinapokea -dı moja kwa moja. Evimizin önünde bir incir ağacı vardı: mbele ya nyumba yetu kulikuwa na mtini. Mti haukuwa unakuja na kuondoka, ulikuwapo. Lakini ukitaka kusema kwamba kiangazi nyumba ilikuwa ikijaa wageni, mwaka hadi mwaka, unachukua olmak: Yazın çok misafir olurdu. Olur ni huwa. (Na misafir ni msafiri, kwao aliyekaribishwa ndani anaendelea kuitwa kwa safari yake.) Kati ya vardı na olurdu, jiulize kama kitu kilikaa pale au kilikuwa kikijirudia.

Sasa nije kwenye -yordu, maana nikiishia pale kwa pilau nitakuwa nimekudanganya. Ukikaa na vijana wa Kituruki utawasikia wakisema mazoea kwa -yordu kila siku: Geçen yıl her gün koşuyordum, şimdi koşamıyorum. Mwaka jana nilikuwa nikikimbia kila siku, sasa siwezi. Ni mazoea, na hakuna aliyekosea. Wakati umetajwa, her gün imetajwa, hivyo hakuna wa kungoja "kisha ikawaje". Tofauti iliyobaki ni ya umbali. -yordu inakaa karibu na kipindi maalumu, mara nyingi cha juzijuzi, kama mtu anayekuonyesha kalenda. -rdı inarudi nyuma zaidi, mahali ambapo siku zimeshachanganyika zikawa "siku zile". Wazee wakianza eskiden, karibu kila kitenzi kinachofuata ni -rdı. Ukitaka kusimulia ulivyokuwa ukienda chuoni muhula uliopita, sema gidiyordum bila wasiwasi. Ukitaka kumsimulia bibi yako, tumia giderdi.

Kwa sababu hiyo pia ndilo umbo la msibani. Kwetu tunasema marehemu alikuwa mtu wa watu. Wao husema rahmetli, au merhum, ambalo tunalitambua mara moja, na vitenzi vinavyofuata vinajipanga: Rahmetli kahveyi çok severdi. Marehemu alikuwa akipenda sana kahawa. Kimseyi kırmazdı. Alikuwa hamvunji mtu moyo. Ukisema sevdi, umelifanya penzi lake la kahawa kuwa tukio la siku moja. Ukisema seviyordu, inawezekana, lakini inamweka kwenye siku fulani badala ya maisha yake yote.

Mpaka wa upande wa pili, kati ya -rdı na -dı tupu, unategemea hesabu. Ukishataja muda uliofungwa, Kituruki hukiona kitu kizima na kukiita tukio, hata kama kilijirudia mara elfu: Üç yıl her sabah o fırından ekmek aldım. Kwa miaka mitatu, kila asubuhi, nilinunua mkate kwenye bekari ile. Hapo ni aldım, ingawa her sabah imo, kwa sababu üç yıl imeshaufunga mfuko. Ondoa miaka mitatu, na mazoea yanarudi: Eskiden ekmeği o fırından alırdım. Nimeona hata wanafunzi wa ngazi ya juu wakiandika alırdım kila wanapoona "kila asubuhi", kwa hiyo angalia kwanza kama kuna tarakimu.

Na kuna kosa letu sisi hasa. Mswahili anayefikiri kwa neno mazoea hufungua kamusi, akatafuta kuzoea, akapata alışmak, akaandika oraya gitmeye alıştım akidhani amesema "nilikuwa nikienda kule". Amesema "nimezoea kwenda kule", yaani mwanzo ilikuwa ngumu, sasa haimsumbui. Mazoea ya zamani hayahitaji kitenzi cha kuzoea. Yamo ndani ya -rdı yenyewe.

Kisha lile linalomchanganya kila mtu, na ambalo Kiswahili kinaweza kulitatua kwa herufi tatu. Çağırsaydın gelirdim. Ukiisoma kwa kanuni tuliyojifunza unapata "alikuwa huja" ya nafsi ya kwanza. Lakini sentensi nzima maana yake ni: ungeniita ningekuja. Umbo ni lilelile la mazoea ya zamani, na hapa linafanya kazi ya nge. Param olsaydı alırdım: ningekuwa na pesa ningenunua. Gelirdim ama hastaydım: ningekuja, ila nilikuwa mgonjwa. Utaitambua kwa ile -sa ya sharti iliyotangulia, au kwa ama, lakini, inayofuata. Pasipokuwa na hayo, na penye eskiden, ni mazoea. Mhudumu wa mkahawani akikuinamia na kukuuliza Bir şey içer miydiniz?, haulizi ulikuwa ukinywa nini enzi zako. Anakuuliza kwa adabu, mngependa kunywa kitu? Ile nge yetu ya heshima, "ningeomba maji", inasikika hivyohivyo.

Imebaki riwaya. Badala ya -dı weka -mış, na umesema mazoea ambayo hukuyashuhudia. Dedem her sabah camiye gidermiş: babu alikuwa akienda msikitini kila asubuhi, nami nimeambiwa tu. Kiswahili kina eti, lakini eti mara nyingi inabeba shaka au lawama ndani yake, na -mış haina haja ya shaka. Mtu anaweza kusema gidermiş juu ya babu yake kwa imani kamili, kwa heshima, bila kumtilia mashaka aliyemsimulia. Anachokiri ni kwamba macho yake hayakuona.

Unaweza hata kuitumia juu yako mwenyewe. Bebekken çok ağlarmışım: nilipokuwa mchanga nilikuwa nikilia sana, ndivyo wanavyoniambia. Huwezi kusema ağlardım hapo, kwa sababu hakuna anayekumbuka kilio cha uchanga wake. Jumapili nyingine, nikiwa nimeshajifunza kusema anlatırdı, nilimsikiliza teyze akisimulia kijiji chao kwa giderdik na yapardık, mkate, chai, njia ya shule. Alipofika kwa babu yake, aliyefariki kabla yeye hajazaliwa, vitenzi vikageuka bila yeye kupumua: gidermiş, yaparmış, severmiş.